Gari haitoki leo: namna ya kutambua na kubadilisha tiyo za freni zilizooza

Ilikuwa asubui, saa kumi na mbili na nusu, kwenye depo ya kooperativi moja isiyo mbali na Butembo. Kamiyo ndogo, ya zaidi ya miaka 20, ilikuwa imekwisha kupakia kahawa. Safari ilikuwa ya Beni, halafu Kasindi kwenye mpaka wa Uganda. Mama wawili walikuwa wamepanda juu ya mifuko pamoja na vikapu vyao. Sisi tulikuwa pale kwa kazi nyingine, mafunzo ya kukausha kahawa. Shofa alikuwa bado chini ya gari, miguu tu ndiyo ilionekana. Alipotoka, akajipangusa mikono na kumuita prezida wa kooperativi.

"Prezida, gari haitoki leo."

"Muzee, unasema nini tena? Mununuzi anatungojea Kasindi. Jana ulisema gari iko muzuri."

"Jana ilikuwa muzuri. Leo pine ya nyuma ya kushoto imelowana, na haiko maji. Nimegusa na kidole, nimenusa. Ni mafuta ya freni."

"Basi uongeze mafuta, tuende. Mukifika Beni, garaji itaangalia."

"Mutoto yangu, kufika Beni ni kuteremka."

Prezida alinyamaza kidogo. Kisha shofa akamwomba jambo moja tu: apige magoti, aangalie chini ya gari wakati yeye anakanyaga freni. Akawasha moteri, akakanyaga kwa nguvu yote, sawa vile mtu anavyokanyaga mtoto anapokatiza barabara. Mara ya kwanza pedali ilishika. Mara ya pili ilianguka mpaka chini. Juu ya ponti ya nyuma, tiyo nyembamba yenye kutu ilipasuka, na mafuta yakaruka kwenye shasi. Wale mama wawili walishuka bila kuambiwa. Hakuna aliyesema tena neno juu ya mununuzi.

Kama tiyo ile ingengoja saa moja tu, ingepasukia kwenye mteremko, na tani za kahawa zikisukuma kutoka nyuma. Ndiyo sababu tumeomba mafundi wa garaji watusaidie kuandika makala haya. Si lazima kila mwanamemba awe fundi. Lakini kila mwanamemba anayepakia mazao yake kwenye gari ya kooperativi, au anayepanda juu ya mifuko, anapaswa kujua dalili, na kujua swali la kuuliza kabla gari haijatoka.

Namna freni inavyofanya kazi

Hapa tunasema juu ya gari zinazotumia freni ya mafuta: pikapu, Land Cruiser, na kamiyo ndogo kama Canter na Dyna. Kamiyo kubwa sana zinatumia freni ya hewa, na hiyo ni habari nyingine.

Ukikanyaga pedali, unasukuma pompo kubwa ya freni iliyo mbele, karibu na moteri. Pompo hiyo inasukuma mafuta ndani ya tiyo za chuma mpaka kwenye kila pine. Karibu na pine, tiyo ya chuma inaungana na tiyo ya mpira, ile fleksibo, kwa sababu pine inapanda na kushuka. Mwishoni, mafuta yanasukuma plaketi au garnitiri, na pine inasimama.

Tiyo hiyo ya chuma ni nyembamba sana. Kwenye gari nyingi za Ujapani, upana wake wa inje ni milimita 4.75 tu, na unene wa chuma chenyewe haufiki milimita moja. Ndani yake, ukikanyaga kwa nguvu, shindo la mafuta linaweza kupita bar 100. Pine ya gari ndogo ina bar 2 au 3 tu. Sasa fikiri: chuma chembamba namna hiyo, kikiliwa na kutu nusu yake, kinabaki na nguvu gani?

Gari nyingi zilizotengenezwa kwa miaka 40 iliyopita zina njia mbili za mafuta. Njia moja ikipasuka, nyingine inabaki na freni kidogo. Ni jambo la kuokoa maisha, lakini pia ni mtego. Shofa anaona pedali imeshuka, lakini gari bado inasimama kwa shida, basi anasema, "Tutaangalia kesho." Anaendelea juma nzima na nusu ya freni, akiwa na mzigo mzima.

Kutu inatoka wapi?

Watu wengine wanafikiri kwamba kutu ni uzee tu. Hapana. Kwa inchi yetu iko na sababu ambazo tunaweza kuzitaja, na nyingine tunaweza kuzipunguza.

Ya kwanza ni udongo. Wakati wa mvua, udongo mwekundu wa barabara unarushwa na pine na kushikamana juu ya ponti, ndani ya shasi, na chini ya vibanio vinavyoshika tiyo. Udongo huo unakauka inje, lakini ndani unabaki na maji kwa siku nyingi. Ni sawa vile kufunika chuma na kitambaa chenye maji. Ndiyo sababu tiyo inaoza kwanza pale usipoiona: chini ya kibanio, na juu ya ponti ya nyuma.

Ya pili ni chumvi. Hapa kwetu hakuna bahari, lakini chumvi tunapakia wenyewe. Chumvi ya Katwe inatoka Uganda na kupitia Kasindi. Samaki wa chumvi wanapanda kutoka Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edouard. Gari ikishusha kahawa au kakao huko, haipendi kurudi tupu. Inapakia samaki au chumvi. Maji ya chumvi yanachuruzika kati ya mbao za karoseri na kuanguka moja kwa moja juu ya tiyo. Safari moja ya namna hiyo bila kuosha gari ni mbaya kuliko miezi mingi ya mvua ya kawaida.

Ya tatu ni maisha ya zamani ya gari. Gari nyingi tunazonunua zilitumika kwanza Ulaya ao Ujapani. Kule kwenye theluji, wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi kusudi barafu iyeyuke. Gari inaweza kufika Butembo ikiwa na rangi mpya yenye kungaa, lakini chini yake kutu imekwisha kuanza miaka 10 iliyopita. Wakati wa kununua gari, usiangalie rangi. Lala chini, uangalie tiyo.

Ya ine ni maji ndani ya mafuta ya freni. Mafuta haya yana tabia ya kuvuta unyevu wa hewa. Kidogo kidogo maji yanaingia, na tiyo inaanza kuoza kutoka ndani. Tena kuna hatari nyingine: mafuta mapya ya DOT 3 yanachemka kwenye digrii 205 au zaidi, lakini yakiisha kuvuta maji yanaweza kuchemka kwenye digrii 140 tu. Kwenye mteremko mrefu freni inapata moto, mafuta yanachemka, yanafanya mapovu, na pedali inaanguka hata kama hakuna tiyo iliyopasuka. Kwa hiyo mafuta ya freni yanabadilishwa yote kila miaka miwili, hata kama yanaonekana kuwa mengi.

Ya tano ni kusuguana. Kibanio kikianguka, tiyo inacheza na kusuguana na shasi. Rangi inatoka, kutu inaingia.

Pedali inasema nini?

Fundi mzuri anasikiliza pedali kabla ya kufungua kitu chochote. Dalili hazifanani, na ugonjwa haufanani:

Pedali inashuka mpaka chini, na mafuta yanapunguka kwenye kikopo: kuna mahali yanapotoka. Tafuta tiyo, fleksibo, au pompo ndogo ya ndani ya pine.

Pedali ni laini, kama kukanyaga mpira: kuna hewa ndani ya tiyo, au fleksibo imezeeka na inavimba.

Pedali iko chini, lakini ukikanyaga mara mbili, mara tatu, inapanda. Na mafuta hayapunguke: mara nyingi garnitiri za nyuma zinahitaji kukazwa.

Pedali inashuka polepole wakati umeishikilia, na hakuna mafuta yaliyomwagika inje: mipira ya ndani ya pompo kubwa imechoka.

Pedali ni ngumu kama jiwe na gari haisimame vizuri: angalia kifaa cha kusaidia mguu, kile kikubwa cha mviringo nyuma ya pompo. Kukijaribu: zima moteri, kanyaga mara kadhaa, shikilia pedali, kisha washa moteri. Pedali inapaswa kushuka kidogo. Kama haishuke, ugonjwa uko pale.

Gari inavuta upande mmoja: pine moja haifungi sawa na nyingine. Inaweza kuwa fleksibo iliyozibika ndani, au pompo iliyokwama, au mafuta yaliyolowanisha garnitiri.

Mafuta ya freni yakipunguka, usikimbilie kuongeza na kusahau. Plaketi zikiisha, mafuta yanashuka kidogo. Hiyo ni kawaida. Lakini yakishuka tena baada ya siku chache, gari ina kidonda. Kuongeza mafuta hakuponyeshi kidonda.

Kupima kabla ya kupakia

Kipimo hiki kinachukua karibu dakika 15, na kinafanyika gari ikiwa tupu, kwenye uwanja ulio sawa. Weka mawe au mbao nzito mbele na nyuma ya pine. Kama inaombwa kuinua gari, usiingie kamwe chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Weka magogo mazito chini ya shasi.

Osha kwanza chini ya gari na uache ikauke. Udongo unaficha kila kitu. Kisha fuata tiyo kwa macho na kwa mkono, kutoka pompo kubwa mpaka kila pine. Simama kwa kila kibanio. Panguza tiyo na kitambaa. Kama kutu ni vumbi tu na chini yake chuma ni laini, safisha, paka grisi kidogo, na andika kwenye kitabu kwamba utaangalia tena mwezi ujao. Kama unaona mashimo madogo, magamba yanayotoka, au tiyo imevimba kama kidole kilichopigwa na nyundo, tiyo hiyo imekufa. Usingoje ianze kutoa mafuta.

Angalia pia upande wa ndani wa kila pine. Maji yanakauka, mafuta ya freni yanabaki, yanashika vumbi, na yanaachia mtaro mweusi. Angalia fleksibo: ikiwa na nyufa ukiikunja kidogo kwa mkono, ibadilishwe.

Mwishoni, mtu mmoja akanyage pedali kwa nguvu yote na kushikilia kwa dakika nzima, moteri ikiwaka. Mwingine aangalie chini, akikaa kando, si chini ya gari. Mashofa wengine wanaogopa kipimo hiki. Wanasema, "Utapasua tiyo bure!" Lakini tiyo inayopasuka ndani ya uwanja ilikuwa itapasuka tu. Ni heri ipasuke hapa, ambako kuna watu na garaji.

Dawa za barabarani zinazoua

Tunajua kwamba barabara zetu hazina garaji kila mahali. Kati ya Butembo na Beni kuna karibu kilometa 54, na kati ya Beni na Kasindi karibu 80. Kwa sababu ya usalama, kuna mahali ambapo hakuna mtu anayetaka gari isimame jioni. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo inasukuma watu kufanya dawa za haraka. Tuzitaje wazi.

Kukunja tiyo na kuipiga nyundo kusudi pine moja isipate mafuta. Gari inasimama na pine tatu, inavuta upande, na kwenye utelezi inaweza kugeuka. Mtu anayefanya hivyo ili atoke mahali pa hatari aende bila abiria, bila mzigo kama inawezekana, polepole sana kwa gia ya kwanza, mpaka mahali pa kwanza pa usalama. Hapo safari imekwisha.

Kuunga tiyo na kipande cha mpira na waya. Mpira huo hauwezi kushika bar 100. Hautashika hata mara mbili.

Kukata sehemu iliyooza na kuunga kipande kidogo cha kati. Mara nyingi fundi anafanya hivyo kwa kukuhurumia. Lakini tiyo iliyooza mahali pamoja imepata maji yale yale, chumvi ile ile na miaka ile ile kwa urefu wake wote. Utarudi garaji baada ya juma mbili, kama una bahati ya kurudi.

Kutia maji, mafuta ya moteri, au mafuta ya mawese kwenye kikopo cha freni. Maji yanachemka haraka na yanaleta kutu. Mafuta ya moteri yanavimbisha mipira yote ya freni, na baada ya hapo haitoshi kubadilisha tiyo; utabadilisha pompo kubwa, pompo ndogo na fleksibo zote. Tumia DOT 3 au DOT 4, kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko, kutoka chupa mpya iliyofungwa. Chupa iliyobaki wazi tangu mwaka jana imekwisha kunywa maji ya hewa.

Kubadilisha tiyo namna inavyofaa

Kazi hii ni ya fundi. Lakini mwanakomite akisimama pale na kujua hatua, fundi naye anafanya kazi kwa uangalifu zaidi.

Kwanza, tiyo yenyewe. Omba tiyo ya chuma ya freni, au ile ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo haishikwi na kutu. Usikubali tiyo ya shaba tupu iliyotoka kwenye frigo. Ni laini, ni rahisi kukunja, na inapendeza macho, lakini kwa kutikisika inakuwa ngumu na inapasuka. Vipuri vingi vinaingia Butembo kupitia Kasindi. Kwa hiyo, omba mapema, si siku ya safari. Beba kipande cha tiyo ya zamani pamoja na ekru zake, kusudi upana na nyuzi vilingane. Ekru inayoingia kwa kulazimishwa si yake.

Pili, kufungua. Ekru za zamani zimekwama. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, ngoja, hata usiku mzima. Tumia kle ya tiyo, ile inayoshika ekru karibu pande zote. Kle ya kawaida inakula kona, na hapo kazi inakuwa mara tatu. Moto wa kulehemu usitumiwe karibu na fleksibo na mafuta ya freni, kwa kuwa vinashika moto. Tiyo ikifunguliwa, ziba mdomo kusudi udongo usiingie.

Tatu, kukata na kukunja. Pima tiyo mpya kwa kufuata ya zamani. Kata na kikata-tiyo, si na msumeno unaoachia vumbi la chuma ndani. Sugua mdomo uwe laini, pulizia safi. Kunja polepole kuzunguka kitu cha mviringo. Tiyo ikivunjika kona, itupwe.

Ine, mdomo wa tiyo. Hapa ndipo fundi wa kweli anajulikana. Mwisho wa tiyo unafunguliwa na kifaa maalum kusudi ushikane na ekru. Gari za Ujapani zinaomba mdomo uliokunjwa mara mbili. Mdomo wa kukunja mara moja unaanza na ufa mdogo na unaishia na mafuta chini. Gari nyingi za Ulaya zina mdomo wa namna nyingine, wa mviringo kama kitunguu kidogo. Namna hizi mbili hazichanganywi. Na kuna kosa ambalo hata mafundi wakubwa wanalicheka: kufungua mdomo vizuri sana, kisha kukumbuka kwamba ekru haijaingizwa. Ekru inaingia kwanza!

Tano, njia ya tiyo. Irudishwe pale ilipokuwa, mbali na bomba la moshi, na kila kibanio kirudi. Kamba ya mpira si kibanio. Kwenye pikapu na kamiyo nyingi kuna kifaa juu ya ponti ya nyuma, chenye mkono mdogo wa chuma, kinachopima uzito wa mzigo na kugawa freni ya nyuma. Usikifunge na waya, usikipite. Ukikifunga, gari tupu itafunga pine za nyuma kwenye utelezi, au gari yenye mzigo haitapata freni ya kutosha.

Kutoa hewa

Tiyo mpya ina hewa ndani, na hewa inakandamizwa kama sifongo. Lazima itoke yote. Kawaida unaanza na pine iliyo mbali zaidi na pompo kubwa. Gari yenye usukani upande wa kuume, anza na pine ya nyuma ya kushoto. Usukani ukiwa kushoto, anza na ya nyuma ya kuume. Kisha ile nyingine ya nyuma, halafu za mbele, ile ya karibu iwe ya mwisho.

Vaa tiyo ndogo ya plastiki inayoonekana ndani kwenye skuru ya kutolea hewa, na mwisho wake uzame ndani ya chupa yenye mafuta kidogo ya freni. Halafu ni kazi ya sauti mbili:

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!" Fundi anafungua skuru, mapovu yanatoka, pedali inashuka. Fundi anafunga skuru.

"Achilia."

Mguu usiachilie kabla skuru haijafungwa. Hewa itarudi ndani. Rudia mpaka mapovu yaishe. Kila mara kumi, angalia kikopo cha juu: kikikauka, hewa inaingia upya na munaanza tena kutoka mwanzo. Mafuta yaliyotoka hayarudishwi ndani. Yasimwagwe kwenye mto wala shambani, na yakigusa rangi ya gari, osha na maji mara moja.

Ukimaliza, rudia kipimo cha dakika nzima. Kisha endesha gari tupu, polepole, mahali tambarare. Asubui ya siku inayofuata, angalia tena kila ekru. Hapo ndipo unapakia.

Nani ana haki ya kusimamisha gari?

Turudi kwenye depo. Shofa yule hakuwa na chombo cha ajabu. Alikuwa na kidole, pua, na moyo wa kusema hapana mbele ya watu wenye haraka. Lakini fikiri kama angekuwa kijana aliyeanza kazi mwezi uliopita. Angeweza kumwambia prezida, "Haitoki"? Wengi wangeongeza mafuta na kuondoka. Ikitokea ajali, tungesema ni kosa la shofa.

Kwa hiyo tunapendekeza kila kooperativi iandike mambo matatu kwenye kitabu cha mkutano, na yasomwe mbele ya wanamemba wote.

La kwanza: shofa akiona mafuta ya freni yakitoka, gari haitoki, na hakuna mtu anayeweza kumlazimisha, hata prezida. Siku hiyo shofa analipwa kama kawaida. Tukimnyima mshahara kwa sababu alituokoa, safari ijayo hataangalia.

La pili: gari iwe na kitabu chake. Tarehe, kilometa, mafuta yaliyoongezwa, tiyo iliyobadilishwa, jina la garaji. Chupa ya pili ya mafuta ya freni ndani ya mwezi mmoja ni alama nyekundu. Sheria ya OHADA juu ya kooperativi, ambayo inatumika kwa inchi yetu tangu 2012, inaweka chombo cha kuchunga kazi ya viongozi. Wanaochaguliwa humo waombe kitabu hicho, sawa vile wanavyoomba kitabu cha franga.

La tatu: kila safari iache kitu kidogo ndani ya sanduku la gari, kabla ya kugawa faida. Wanamemba wenyewe wapange ni kiasi gani. Sanduku likiwa tupu, tiyo iliyooza inangoja mavuno yajayo. Kutu haingojei mavuno.

Kamiyo tuliyosimulia ilibadilishiwa tiyo zote mbili ndefu za nyuma, si ile iliyopasuka peke yake. Fundi alipozitoa, alimpa prezida ile ya pili, ambayo ilikuwa bado haijapasuka, akamwambia aikunje. Ilivunjika mkononi kama kijiti kikavu. Kahawa ilifika Kasindi siku mbili nyuma ya ahadi. Mununuzi alinungunika, lakini aliinunua. Wale mama wawili nao walirudi na vikapu vyao, ila mmoja, kabla ya kupanda, alimwita shofa:

"Papa, umeangalia chini?"

"Nimeangalia, mama. Panda."

Swali hilo lisiwe la mama mmoja. Liwe la kila mwanamemba, kila safari.

KUMBUKA KABLA YA SAFARI

1. Kikopo cha mafuta ya freni: kimejaa kati ya alama mbili?
2. Pedali: inashika juu na kubaki pale kwa dakika nzima?
3. Upande wa ndani wa kila pine: mkavu?
4. Chini ya gari, mahali ilipolala usiku: hakuna doa?
5. Tiyo juu ya ponti ya nyuma na chini ya vibanio: hakuna magamba wala mashimo?
6. Gari ilibeba samaki au chumvi: imeoshwa chini na maji mengi?
7. Kabla ya mteremko: simama juu, jaribu freni, ingiza gia ndogo, na uache moteri ishike gari. Mguu usikae juu ya freni mpaka chini.

Kama jibu la swali moja ni hapana, gari haitoki.